Pori Linalopumzika Lina Mwenyewe? Karne Moja ya Kugombea Vichaka vya Umakondeni

Barabara ya Mtwara hadi Masasi kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala ina urefu wa kilomita 210, na ukiipita leo, sehemu kubwa ya safari utakuwa unaangalia mti mmoja tu. Mkorosho. Mikorosho kushoto, mikorosho kulia, mikorosho nyuma ya nyumba. Lakini hapa na pale, katikati ya mashamba, utaona kipande cha kichaka kizito: miti myembamba imesongamana, mitambaazi imeziba kila upenyo, hata mbuzi anafikiria mara mbili kabla ya kuingia. Muulize jirani yako kwenye basi kile ni nini. Pengine atakujibu, "Pori tu."

Hilo "pori tu" ndilo tuliongelee leo. Tukisikia habari za kuwashirikisha wananchi kulinda misitu, picha inayotujia ni msitu mkubwa wenye mipaka, bango la hifadhi na kamati ya kijiji inayofanya doria. Umakondeni picha hiyo haikai vizuri. Kule, kwa zaidi ya miaka mia, swali gumu halikuwa nani alinde msitu. Lilikuwa hili: pori ambalo halijalimwa mwaka huu, lina mwenyewe au halina?

Tuanze na ardhi yenyewe, maana bila hiyo historia haieleweki. Uwanda wa Makonde uko kama meza iliyoinama. Upande wa Newala umeinuka zaidi ya mita 700 kutoka usawa wa bahari, halafu unateremka taratibu kuelekea pwani, na kusini unakatika kwenye bonde la mto Ruvuma. Juu ya meza hiyo kuna udongo wa kichanga, tena mrefu. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu. Yanazama moja kwa moja, yanasafiri chini kwa chini mpaka yanapokutana na tabaka lisiloyapitisha, kisha yanatokeza kwenye miteremko ya kingo kama chemchemi. Kwa hiyo watu wako juu, maji yako chini. Kwa vizazi vingi wanawake waliteremka kingo hizo asubuhi na kupanda na maji kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulipojengwa miaka ya 1950 kazi yake ilikuwa kuyasukuma maji kupanda mlima, na chanzo chake cha Mitema, kwenye bonde la Kitangari, kipo hukohuko chini.

Sasa jiulize: nani anachagua kuishi mahali pasipo na maji?

Wamakonde wenyewe wana jibu la zamani. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alizunguka Masasi, Newala na Mahuta (Mahuta leo iko wilaya ya Tandahimba) akikusanya habari za watu wa kusini. Aliandika simulizi la asili ya Wamakonde aliyoipata huko. Mtu mmoja aliyetoka porini, asiyeoga wala kunyoa, alichonga sanamu ya mti, akaisimamisha. Asubuhi ikawa mwanamke. Wakaenda kuishi karibu na mto, mtoto wao akazaliwa amefariki. Wakahamia bonde jingine, ikawa vilevile. Waliporudi juu kwenye vichaka vya Mahuta, mtoto wa tatu akaishi. Tangu hapo ikawa desturi kukaa mbali na mabonde na mito mikubwa, kwa sababu huko kuna maradhi. Ukifikiria malaria na magonjwa mengine ya mabondeni, simulizi hiyo si ya kuchekea.

Jibu la pili ni la kivita. Karne ya 19 kusini kulikuwa na misafara ya watumwa ikielekea pwani, na kulikuwa na mashambulizi ya Wangoni. Mwaka 1882 walivamia Masasi, kituo ambacho Askofu Edward Steere (ndiyo, yuleyule wa sarufi ya Kiswahili) alikianzisha mwaka 1876 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru. Masasi iko wazi chini ya milima ya mawe. Juu kwenye uwanda mambo ni tofauti: kichaka kile kilikuwa ukuta. Adui asiyejua vijia vyake vyembamba hakuwa na pa kupita. Kwa hiyo pori lilikuwa kinga, na kinga haiachwi iteketee hovyo.

Weule alikiona kichaka hicho na kikamkera. Aling'amua kwamba hakikuwa msitu wa tangu zamani, bali kimeota upya baada ya watu kufyeka, kuchoma, kulima na kuondoka. Hapo alikuwa sahihi, na wanaikolojia wa leo wasingebishana naye sana. Ila yeye alikisoma kama alama ya upotevu: watu wanakula msitu wao na kubakiza takataka. Haikumjia kwamba kile alichokiona ni mashamba yaliyolala.

Na hapa sheria inaingia. Tarehe 26 Novemba 1895 serikali ya Kijerumani ilitangaza kwamba ardhi yote isiyo na mwenyewe katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ni mali ya Dola. Mwaka 1904 ikaja amri ya kuhifadhi misitu. Zisome pamoja uone zinavyofanya kazi. Ofisa anajuaje kama ardhi ina mwenyewe? Anatafuta nyumba, anatafuta mazao. Asipoviona, ameshapata jibu. Mwanahistoria Thaddeus Sunseri ameonyesha kwamba masharti ya misitu yalikuwa sehemu ya manung'uniko yaliyotangulia vita vya Majimaji vya 1905, jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita haraka vikikimbilia pamba na maji ya Kinjikitile. Waingereza nao, kwa sheria ya ardhi ya 1923, waliiweka ardhi yote, inayolimwa na isiyolimwa, chini ya Gavana kama ardhi ya umma. Mkulima alitambuliwa kwa kuitumia. Neno ni hilo: kutumia.

Lakini hebu tuangalie kilichokuwa kinaendelea ndani ya kichaka, maana hapa pana sayansi nzuri.

Kichaka cha Umakondeni hakifi kikikatwa. Mkulima alikata miti juu ya ardhi, visiki na mizizi vikabaki. Akachoma. Moto wa mara moja hauui mizizi iliyo chini; unachofanya ni kugeuza majani na matawi kuwa majivu yenye potasiamu, kalsiamu na fosforasi, vitu ambavyo kwenye mchanga ni adimu. Mwaka wa kwanza mtama na mihogo inastawi. Miaka michache baadaye mvua imeshavizamisha virutubisho, na magugu yameshajua njia. Mkulima anaondoka. Visiki vinachipua, na kwa kuwa mizizi iko tayari, havianzi kutoka sifuri kama mbegu. Matawi yakishafunga juu, nyasi zinakosa jua zinakufa, na majani yanayodondoka yanarudisha rutuba kidogokidogo. Baada ya miaka mingi ya kulala, shamba liko tayari tena.

Ukiuharakisha mzunguko huo unaharibika. Ukirudi mapema, kivuli hakijatosha, nyasi zimebaki. Nyasi zinaleta moto kila kiangazi, na moto wa kila mwaka unaua machipukizi mpaka kisiki kinachoka. Hapo unapata uwanda wa nyasi, na kichaka hakirudi tena kwa urahisi. Maana yake, rasilimali yenyewe haikuwa miti wala udongo peke yake. Ilikuwa muda. Na muda hauwezi kujilinda, lazima awepo mtu mwenye mamlaka ya kusema, "Pale bado."

Wamakonde hawakuwa na machifu wakubwa wa kutolea amri hiyo. Mwanasayansi wa siasa wa Kimarekani J. Gus Liebenow, aliyeandika kitabu kizima juu ya utawala wa kikoloni Umakondeni (kilitoka 1971), anaeleza kwamba uongozi ulikuwa wa vitongoji vinavyojitegemea, kila kimoja kikiitwa chirambo, chini ya mkulungwa. Mkulungwa alikuwa yule aliyefyeka pori kwanza, au mrithi wake kwa upande wa mama. Cheo chake kilitokana na kufyeka, na kazi yake kubwa ikawa kuonyesha nani alime wapi. Mgeni aliyetaka shamba alipita kwake. Pori lililolala lilikuwa kwenye kumbukumbu za watu: lile la fulani, lile la mjomba wa fulani, lile lisiguswe.

Sisemi palikuwa peponi. Ukoo wenye nguvu ulipata sehemu nzuri, na waliokuja kama watumwa au wakimbizi hawakuwa na sauti sawa na wenyeji. Lakini ulikuwa utawala, wenye mtu wa kumlalamikia na adhabu ya kuvunja kanuni. Serikali za kikoloni zilipita juu yake bila kuuona. Wajerumani walileta maakida. Waingereza waliokuwa na falsafa ya kutawala kupitia machifu walitafuta chifu wa Wamakonde, wakamkosa, wakabaki kuunda vyeo na kuvifuta, mpaka wakaishia kuteua maliwali. Kila walipobadilisha, mkulungwa alipungua kidogo, na hakuna aliyekabidhiwa rasmi kazi yake ya kupanga muda wa pori.

Mtu mmoja wa serikali aliliona. Clement Gillman, mhandisi wa reli na maji aliyegeuka kuwa mwanajiografia, mwaka 1945 alichapisha makala katika jarida la Tanganyika Notes and Records kuhusu kupumzisha mashamba kwa vichaka kwenye uwanda wa Makonde. Kichwa cha makala yenyewe kilitaja kupumzisha. Kati ya "upotevu" wa Weule na "kupumzisha" kwa Gillman kuna karibu miaka 40, na kichaka ni kilekile. Makala ilibaki kwenye jarida, sheria haikuguswa.

Halafu ukaja mti.

Mkorosho uliletwa pwani yetu na Wareno kutoka Brazili karne nyingi nyuma, lakini ulikuwa wa kando ya nyumba, wa kula mabibo na kutengeneza pombe. Katikati ya karne ya 20 ukawa biashara, na uwanda wa Makonde ukawa mahali pake hasa: mchanga mrefu, mizizi mirefu, kiangazi cha kutosha wakati wa maua. Fedha za ada na mabati zilianza kutoka juu ya mti huo. Hakuna haja ya kuusimanga.

Ila angalia unachofanya kwa pori. Mtama unavunwa, shamba linaachwa, kichaka kinarudi. Mkorosho hauvunwi ukaisha, unakaa miongo. Na kwa desturi zetu sehemu nyingi za nchi, aliyepanda mti ana haki na mahali ulipo. Kwa hiyo ukipanda mikorosho kwenye shamba lililokuwa lisubiri zamu yake, umelitoa kwenye zamu. Halirudi kwa ukoo, halirudi kwa kichaka. Hakuna aliyepitisha sheria ya kufuta kilimo cha kupumzisha Umakondeni. Miche ya korosho iliifanya kazi hiyo, shamba moja baada ya jingine, tena kwa mikono ya wenyewe. Mimi naona hayo ndiyo mapinduzi makubwa ya ardhi katika historia ya Tandahimba, makubwa kuliko amri yoyote ya Mjerumani.

Mambo yakageuka tena mwanzoni mwa miaka ya 1970. Watu walihamishiwa vijijini, na mashamba ya mikorosho yakabaki mbali na nyumba. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilizalisha tani 145,000 hivi za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika 20,000. Bei ya serikali ilikuwa mbaya na ugonjwa wa ubwiriunga ulishambulia maua, lakini umbali nao ulichangia: shamba lisilopaliliwa linafanya nini kwenye udongo wenye visiki hai? Linarudi porini. Kichaka kilipanda ndani ya mikorosho yenyewe. Baadaye ilipokuja salfa ya kutibu ubwiriunga, kazi ya watafiti wa Naliendele ikiwemo, na soko likafunguliwa miaka ya 1990, watu waliingia tena na mapanga kufyeka kichaka wakitafuta mikorosho yao. Wakulima wa Tandahimba na Newala leo wanauza kupitia chama chao kikuu, TANECU, na bei inapokuwa nzuri, kila kipande cha pori kinatazamwa kama mahali pa miche.

Wakati hayo yakiendelea, upande mwingine wa nchi ulikuwa unaandika ukurasa mpya wa misitu. Babati, msitu wa Duru-Haitemba, karibu hekta 9,000, ulikuwa uwe hifadhi ya serikali. Wanakijiji wakakataa, wakasema watautunza wenyewe, na kufikia 1995 vijiji vinane vilikuwa na misitu yao ya hifadhi. Sera ya Misitu ya 1998 na Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002 zikalifanya hilo kuwa utaratibu wa nchi nzima: kijiji kinapima msitu ulio kwenye ardhi yake, kinaunda kamati ya maliasili, mkutano mkuu unapitisha mpango na sheria ndogo, na mapato ya msitu yanabaki kijijini. Si jambo dogo. Tathmini ya taifa ya rasilimali za misitu ilipokamilika mwaka 2015 ilikuta hekta milioni 48.1 za misitu nchini, na zaidi kidogo ya asilimia 45 ziko kwenye ardhi za vijiji.

Kusini nako sheria ilishika, ila si juu ya uwanda. Ilishika Liwale, kwenye msitu wa Angai wenye karibu hekta 140,000, kazi iliyoanza miaka ya 1990 kwa msaada wa mpango wa RIPS uliofadhiliwa na Finland. Ilishika Kilwa, ambako vijiji vya Kikole na Kisangi mwaka 2009 viliingia kwenye cheti cha kimataifa cha FSC kwa ajili ya mpingo, cha kwanza cha aina yake kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wananchi Afrika. (Ndiyo, mpingo ule wanaouchonga Wamakonde Mwenge na unaotengenezewa klarineti Ulaya.)

Kwa nini Kilwa na si Tandahimba? Jibu la haraka ni kwamba Kilwa kuna magogo ya kuuza. Ni kweli, lakini halitoshi. Sheria ya 2002 inajua kutambua msitu uliotulia: una mpaka, una ramani, utakuwepo palepale mwaka kesho. Pori la kupumzisha linahama. Mwaka huu ni kichaka, mwaka kesho ni mihogo, baada ya miaka kumi ni kichaka tena, na lina wenyewe kumi badala ya kamati moja. Hakuna fomu yake. Kinachobaki ni misitu ya hifadhi ya serikali kwenye kingo, karibu na chemchemi, ambako njia iliyopo ni usimamizi wa pamoja kati ya serikali na kijiji. Hapo kijiji hupewa doria, lakini kwa kuwa msitu wa chanzo cha maji hauvunwi, mapato ni haba. Unaombwa ulinde maji ya wilaya nzima kwa malipo ya ahsante.

Nirudi kwenye lile swali la mwenyewe, kwa sababu lina makali kuliko linavyosikika. Mwaka 1999 Bunge lilipitisha sheria mbili za ardhi kwa pamoja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5, kifungu cha 7, inasema ardhi ya kijiji ni pamoja na ile ambayo wanakijiji wamekuwa wakiitumia kwa miaka 12 kabla ya sheria, na inataja kwa wazi ardhi iliyopumzishwa wakati wowote ndani ya miaka hiyo. Hatimaye! Neno la Gillman limeingia kwenye sheria. Lakini Sheria ya Ardhi, Na. 4, iliyopitishwa sambamba nayo, inapofafanua ardhi ya jumla, ambayo Kamishna wa Ardhi anaweza kuigawa, inaingiza humo ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika.

Hapo sasa. Kichaka cha miaka kumi kinapumzika, au hakitumiki?

Usidhani ni mchezo wa mawakili. Kilwa hiyohiyo ya mpingo, miaka ya 2000, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilipata hekta zipatazo 34,000 kulima mbono wa mafuta. Eneo hilo lilikuwa ardhi ya vijiji vinne, sehemu kubwa ikiwa misitu na vichaka ambavyo kwa macho ya mgeni havikuwa na kazi, na likahamishwa kuwa ardhi ya jumla. Kampuni ilifilisika mwaka 2010. Ardhi haikurudi vijijini yenyewe kwa sababu mwekezaji ameondoka; ikishakuwa ya jumla, ni ya jumla mpaka ihamishwe tena.

Kwa hiyo kijiji cha Tandahimba kinapokaa leo kuandaa mpango wa matumizi bora ya ardhi, karatasi muhimu kuliko bango lolote la msitu ni lile jedwali la kugawa maeneo. Sheria Na. 5 inakipa kijiji mafungu matatu: ardhi ya matumizi ya pamoja, ardhi ya watu na kaya, na ardhi ya akiba kwa siku za baadaye. Vipande vya kichaka vilivyobaki kati ya mikorosho vinaweza kuandikwa kwenye fungu lolote kati ya hayo, na kila fungu lina mwenyewe anayejulikana. Kinachofanyika mara nyingi ni kuviacha bila kuandikwa, au kuandika pembeni, kwa haraka ya kumaliza kikao, "pori".